Somo la 31: Amri ya Saba na Msitu



Wasikilizaji wapenzi, katika somo la 30 tulieleza ya kuwa Amri ya Saba haikatazi kuiba kuku na mbuzi tu. Yakataza pia kuzuia mshahara wa mfanyakazi, kupunja katika mizani sokoni, na kusogeza usiku mpaka wa shamba la jirani. Tuliahidi kwamba leo tutanena juu ya mali isiyo ya mtu mmoja, yaani udongo, maji, mvua na msitu. Lakini baada ya somo lile mama mmoja wa Masisi alituuliza swali lililotulazimisha kuliandika somo hili upya. Alisema: «Babu yangu alikata miti, baba yangu alikata miti, na mimi nachoma makala niuze ili watoto wale. Wazee hawakuliungama jambo hilo. Je, mimi yanipasa kuliungama?»

Hatukumjibu siku ile. Swali kama hilo likijibiwa upesi hujibiwa vibaya. Yatupasa kwanza kujua miti hufanya kazi gani, ni nani aliyeiangusha, na ni nani aliyepata faida. Wala mtu asidhani ya kuwa tunachanganya dini na mambo ya bwana shamba. Katekismu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 huweka matumizi ya mimea, wanyama na madini chini ya Amri hii hii ya Saba, na mwaka 2015 Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliandika waraka mzima juu ya utunzaji wa dunia, uitwao Laudato si'.

Twende basi Masisi. Kijana apandaye leo kutoka Sake huona vilima vya majani mabichi, ng'ombe wakilisha, na watu wakishuka na jibini kwenda kuuza Goma. Hudhani nchi iliumbwa hivyo. Sivyo. Wazee wa Kihunde wajua ya kwamba sehemu kubwa ya milima hii ilikuwa msitu. Tangu mwaka 1937 hata mwaka 1955 serikali ya Kibelgiji ilihamisha watu wengi kutoka Rwanda, nchi iliyokuwa na watu wengi na njaa nyingi. Wakawekwa Gishari na mahali pengine pa Masisi, wapate mashamba, na wazungu wenye mashamba makubwa wapate wafanyakazi. Miti ikaangushwa, pakapandwa chai, kahawa na pareto. Baada ya uhuru, na hasa baada ya sheria ya ardhi ya mwaka 1973, vilima vingi viliandikwa kwa majina ya matajiri wachache, wakavifanya malisho. Twasema hivi wazi, kwa sababu mara nyingi hulaumiwa maskini mwenye panga moja. Tena kilima kikiwa malisho ya mtu mmoja, maskini husukumwa kulima mteremko mkali ambao babu yake asingethubutu kuulima.

Sasa tueleze habari ya joto la dunia. Mmesikia mara nyingi redioni maneno «mabadiliko ya tabianchi», wala hakuna aliyewaeleza maana yake.

Ninyi wa milimani mwaijua baridi ya usiku. Wakati wa kiangazi, mbingu zikiwa wazi na nyota zote zikionekana, usiku huwa baridi kali. Lakini usiku wenye mawingu huwa na uvuguvugu. Kwa nini? Mchana udongo hupokea joto la jua, na usiku huliachilia lirudi juu. Mawingu hulizuia, kama blanketi lizuiavyo joto la mwili wa mtoto. Basi ndani ya hewa tuivutayo mna hewa nyingine isiyoonekana wala isiyo na harufu, iitwayo hewa ya kaboni. Nayo hufanya kazi ya blanketi mchana na usiku, kiangazi na masika. Blanketi hilo ni jema, kwani pasipo hilo dunia ingaliganda kwa baridi. Ubaya huanza tunapotandika blanketi juu ya blanketi.

Hewa hiyo hutoka wapi? Kila kitu kilichopata kuwa hai, kikiungua, huitoa: kuni, majani, na zaidi sana petroli na makaa ya mawe, ambayo ni mabaki ya mimea na viumbe vya kale mno yaliyozikwa chini ya ardhi. Watu wa Ulaya na Marekani walianza kuyachimba na kuyachoma kwa wingi tangu viwanda vilipoanza. Mtaalamu mmoja wa Sweden, Svante Arrhenius, alifanya hesabu mwaka 1896, akaonyesha ya kuwa moshi wa viwanda waweza kuipasha dunia nzima joto. Hakuwa nabii. Alitumia kalamu na karatasi tu. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 zilikuwa za kaboni. Mwaka 1958, walipoanza kupima kwa uangalifu juu ya mlima katika visiwa vya Hawaii, zilikuwa 315. Leo zimepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa wenye joto kuliko miaka yote tangu watu waanze kupima. Na sisi tuna shahidi wetu hapa karibu: barafu ya mlima Ruwenzori, iliyopimwa na kuchorwa na wasafiri wa Kiitalia mwaka 1906, imeyeyuka hata vimebaki vipande vidogo tu.

Hapa watu wa Masisi hutucheka. Husema: «Padri, sisi twakaa chini ya Nyamulagira na Nyiragongo. Usiku twaona mbingu nyekundu, na moshi wake huunguza majani ya maharagwe yetu. Huo mlima watoa moshi kuliko magari yote ya Goma. Mbona mwatulaumu sisi watu?» Swali hili ni la haki. Ni kweli volkano hutoa hewa ya kaboni, tena hutoa hewa nyingine kali iunguzayo majani na kuharibu maji ya mvua tukingayo mapaani. Lakini wataalamu wamehesabu volkano zote za dunia pamoja, zetu na za wengine, nazo kwa mwaka hazitoi hata sehemu 1 kwa 100 ya kaboni itolewayo na watu. Mlima wetu waonekana mkubwa kwa kuwa tuko miguuni pake. Moto mkubwa uko mbali, katika mitambo na magari tusiyoyaona.

Joto likiongezeka, mvua hubadilika. Hewa yenye joto huchukua maji mengi kuliko hewa ya baridi: kwa kila digrii 1 ya joto, maji yaweza kuongezeka sehemu 7 hivi kwa 100. Ni kama mchukuzi aliyepewa kikapu kikubwa zaidi. Hukawia kukijaza, lakini siku akikimwaga, humwaga vyote pamoja. Ndiyo maana mkulima huweza kungoja mvua ya Septemba mpaka mbegu zikauke, kisha ikaja mvua ya siku moja na kuchukua mbegu, samadi na udongo. (Si kila tauni hutoka katika joto, lakini. Mnyauko wa migomba ulioonekana Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni ugonjwa wa vijidudu, huenezwa na wadudu na panga lisilosafishwa. Tusiyasingizie mabadiliko ya hewa kila jambo, tukaacha kuosha mapanga yetu.)

Mvua hiyo kubwa ikinyesha juu ya kilima chenye msitu, majani huivunja nguvu, na mizizi hushika udongo. Ikinyesha juu ya kilima kilichokatwa, mambo huwa mengine. Lakini sikilizeni vema, maana hapa pana jambo linalowadanganya watu wengi. Kilima hakiporomoki siku ile miti ikatwapo. Visiki vingali na mizizi hai, nayo hushika udongo bado. Mtu hulima mwaka wa kwanza na wa pili, huvuna vizuri, husema: «Mwaona? Walitutisha bure.» Kisha mizizi huoza polepole chini ya ardhi, na ndipo udongo huachiliwa. Wataalamu waliochunguza milima kutoka Kivu hata kaskazini ya Tanganyika, na kutangaza kazi yao mwaka 2021, waliona ya kuwa maporomoko huongezeka baada ya msitu kukatwa, na wimbi hilo la maporomoko hudumu yapata miaka 15. Basi aliyekata aweza kuwa amekwisha kuuza shamba na kuhama, na aangukiwaye na kilima ni mtoto wa mtu mwingine.

Jirani zetu wa Kalehe walionja uchungu huo. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko la Nyamukubi, mvua kubwa ilinyesha milimani. Mito ikashuka na mawe na matope, ikazoa nyumba za Nyamukubi na Bushushu kando ya ziwa Kivu. Waliozikwa walipita 400, na maelfu hawakuonekana. Wataalamu wa nchi mbalimbali walijaribu kupima kama joto la dunia lilizidisha mvua ile. Hawakuweza, kwa sababu vituo vya kupimia mvua katika nchi yetu ni vichache mno. Tazameni umaskini wa namna hii: tunakufa, na hata kipimo cha kutujulisha sababu ya kufa kwetu hatuna! Lakini vilima vilivyovuliwa miti juu ya vijiji vile havikuhitaji kipimo, vilionekana kwa macho.

Mkishuka kutoka Masisi kwenda magharibi, mwaingia Walikale, wilaya kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Huko msitu ungalipo. Ni ukingo wa msitu mkubwa wa Kongo, ambao duniani wapitwa na ule wa Amazoni tu. Watu wa Masisi wasidhani msitu huo ni wa Wanyanga na Wakano na Wakumu peke yao. Mti mkubwa mmoja huvuta kwa mizizi yake mamia ya lita za maji kwa siku, na kuyatoa kwa majani kama pumzi. Pumzi hiyo huwa mawingu, na mawingu huwa mvua tena. Sehemu kubwa ya mvua inyeshayo katika bonde la Kongo imekwisha kunyesha mara nyingine mahali pengine, ikanywewa na miti, ikarudishwa juu. Msitu ukikatwa, mnyororo huo hukatika.

Msitu hufanya na kazi ya pili: huivuta hewa ya kaboni na kuifanya shina, matawi na mizizi. Huko Yangambi, karibu na Kisangani, umejengwa mnara wa chuma wenye urefu wa meta 55, nao tangu mwaka 2020 hupima pumzi ya msitu, iingiayo na itokayo. Kila mti ukiungua, ile kaboni uliyoikusanya kwa miaka 100 hurudi hewani kwa siku moja. Na nchi yetu hupoteza msitu wa asili karibu hekta nusu milioni kila mwaka, sehemu kubwa kwa mashamba madogo ya kufyeka na kuchoma. Zamani mtu alifyeka, akavuna, akaliacha shamba lipumzike hata miti ikakua tena. Leo hurudi kabla mti haujapita kimo cha mtoto. Huko Walikale pia watu huingia ndani ya msitu kutafuta dhahabu na kasiteriti, hukata miti ya kujengea na kupikia, na huwinda wapate nyama. Ngagi wa mabondeni, sokwe mkubwa asiyeonekana katika nchi yoyote ila mashariki ya Kongo, aliwekwa mwaka 2016 katika hesabu ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka.

Wanyanga hawakungoja wamisionari wala wataalamu kuwafundisha kiasi. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck aliandika, kutoka kinywa cha msimulizi Candi Rureke, masimulizi marefu ya shujaa Mwindo. Mnayajua zaidi kuliko sisi: Mwindo alimwua joka Kirimu, rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba akamchukua juu, akakaa huko mwaka mzima akiteswa kwa mvua, kwa jua na kwa baridi, akaambiwa asiue tena mnyama wa msitu wala wa kijijini, hata mdudu mdogo. Ndipo aliporudishwa kutawala. Hatusemi ya kuwa masimulizi haya ni Maandiko Matakatifu. Twasema tu ya kuwa babu zenu walijua mtawala asiyejizuia hafai kutawala, na kwamba mvua na jua vyaweza kumdai mtu hesabu.

Tukiisha kuyajua hayo, turudi kwa swali la mama.

Swali. Ni nani aliyeiba?

Jibu. Aliyeiba zaidi ni yule aliyechoma zaidi na kufaidika zaidi. Bara zima la Afrika halitoi hata sehemu 4 kwa 100 za kaboni itolewayo duniani kila mwaka. Mmarekani mmoja hutoa kwa mwaka zaidi ya tani 13. Mkongomani mmoja, kwa petroli na makaa ya mawe, hafikii hata sehemu ya kumi ya tani moja. Mwaka 2009 nchi tajiri ziliahidi ya kuwa kufikia mwaka 2020 zitatoa dola milioni elfu 100 kila mwaka kusaidia nchi maskini katika shida hii. Ahadi hiyo ilifikiwa mara ya kwanza mwaka 2022, imechelewa miaka miwili. Katika somo la 30 tulisema kuzuia mshahara ni wizi. Mtu atuambie, kuchelewesha deni la namna hii kuitwe jina gani?

Swali. Basi sisi hatuna hatia?

Jibu. Hatia ya mwingine haifuti ya kwangu. Lakini lazima zipimwe katika mizani ya haki. Ili tendo liwe dhambi kubwa, mtu hana budi kujua na kutaka. Waliokimbia vita, wale wa mwaka 1994 na wale wa miaka hii, waliolala chini ya maturubai kandokando ya Goma, walikata kuni kwa sababu unga mbichi hauliwi. Mama akataye kuni apike maharagwe ya watoto wake haibi. Nasi hatutaki kumwona katekista hata mmoja akimkatalia mama kama huyo sakramenti kwa ajili ya mzigo wa kuni. Lakini mkubwa anunuaye msitu mzima kwa sahihi moja, askari atozaye kodi kwa kila gunia la makala na kulifanya pori kuwa benki yake, mfanyabiashara apitishaye mbao usiku, hao wajua na wanataka. Hao waungame, tena kuungama peke yake hakutawatosha.

Swali. Na yule achomaye makala ya kuuza, kama mama aliyeuliza?

Jibu. Yeye yuko katikati, na kwake tutakaa kidogo. Goma yapika kwa makala. Chukudu zashuka kutoka milimani zimejaa magunia, na mji hata umejengea chukudu sanamu, kwa haki, maana chukudu ndiyo iulishayo mji. Mtu hawezi kumwambia mama aache biashara hiyo kesho. Lakini hapa pana upotevu mwingi kuliko watu wadhanivyo. Katika tanuru ya udongo ya desturi, kuni kilo 100 hutoa makala kilo 10 hadi 15 tu. Zinazobaki zimekwenda na moshi. Kuni zikikaushwa vizuri miezi kadhaa, zikapangwa kwa kubanana, tanuru ikafunikwa barabara na kutiwa bomba la moshi, makala yaweza kukaribia kuwa mara mbili. Gunia lile lile kwa miti nusu. Na kule Goma, mbabula wenye ukuta wa udongo ulioungua hula makala machache kuliko ule wa bati tupu.

Tena yawezekana mti wa makala kupandwa kama mhogo. Tangu mwaka 2007 shirika la WWF, kwa kazi iliyoitwa ECOmakala, limewasaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini, hata wa Masisi, kupanda mikaratusi, migrevilea na miakasia kwa ajili ya makala na mbao, ili watu wasiingie hifadhi ya Virunga. Twatoa onyo moja: mkaratusi hunywa maji mengi, usipandwe penye chemchemi wala katikati ya maharagwe. Mgrevilea wapatana na mazao, na majani yake huwa mbolea. Mitaro ya kuzuia mmomonyoko nayo irudishwe. Twajua mbona iliachwa: Wabelgiji waliichimbisha kwa shuruti, na uhuru ulipokuja watu walifurahi kuifukia. Furaha ile twaielewa. Lakini mtaro haukuwa na kosa, kosa lilikuwa la kiboko.

Kwa Walikale iko sheria ambayo wengi hawajaisikia. Amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 yairuhusu jamaa ya wenyeji kuomba msitu wa mababu zao, hata hekta 50.000, uandikwe kwa jina lao pamoja, pasipo mwisho wa muda. Msitu ulioandikwa hivyo hauwezi kuuzwa na mwami peke yake usiku juu ya meza ya mgeni. Jamaa huchagua kamati, huchora ramani, hupanga mahali pa kulima, pa kuwinda na pasipoguswa. Kazi hiyo ni ndefu na karatasi zake ni nyingi. Walimu na makatekista wajuao kusoma Kifaransa wasione haya kuwasaidia wazee kuzijaza, na wahakikishe wanawake na Wambuti waitwa kikaoni, kwa kuwa hao ndio waujuao msitu zaidi, nao ndio husahauliwa kwanza.

Tulimrudia mama yule na maneno haya. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema habari ya tanuru ataijaribu, lakini kilima anachokikata ni cha bwana mwingine akaaye mjini, na kama akipanda miti juu yake, bwana huyo atasema ni yake. Hana uongo. Kwa hiyo tumewaomba wazee wa shirika lake waende naye kwa bwana huyo kabla ya mvua za Septemba, waandikiane mbele ya mashahidi miti itakuwa ya nani. Vitalu vianzishwe mwezi wa Juni, miche ipate miezi mitatu.

Aliuliza na neno la pili: je, mjukuu yampasa kurudisha kitu kilichochukuliwa na babu aliyekwisha kufa? Hilo ni somo la 32, juu ya kurudisha mali ya watu, nalo mtalisikia juma lijalo saa ile ile.